Mkwakwani, uwanja uliozoea kuandaa sherehe za wengine

Mwaka 2023 Uwanja wa Mkwakwani uliandaa fainali mbili ndani ya miezi mitatu, na timu ya Tanga haikuwamo katika hata moja. Juni 12 Yanga iliifunga Azam 1-0, bao la Kennedy Musonda, ikabeba Kombe la Shirikisho. Agosti 13 ikaja Ngao ya Jamii. Simba na Yanga walitoka suluhu, wakaenda kwenye matuta, kipa Ally Salim akapangua penalti tatu na Simba ikashinda 3-1. Nchi nzima ilikuwa inaitazama Tanga. Shabiki wa Coastal Union aliyenuna kidogo siku hiyo alikuwa na haki yake.

Maana mji huu si mgeni wa soka. African Sports, Wana Kimanumanu, ilianzishwa mwaka 1936, mwaka uleule ilipozaliwa klabu inayoitwa Simba leo. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ikafuata mwaka 1948. Tanga ya wakati huo ilikuwa na bandari, reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba ya mkonge yaliyovuta vibarua kutoka kila upande. Palipo na bandari na vibarua, mpira haukosi watu. Ngamiani, kwenye barabara zake zinazoitwa kwa namba, nyumba moja inaweza kuwa na baba wa Sports na mwana wa Coastal, na chakula kikaliwa kwa kejeli.

Mwaka unaotajwa zaidi ni 1988. Msimu ule Simba ilikuwa inapigania roho yake isishuke daraja, huku Yanga ikiwania ubingwa. Watani walipokutana, Simba ikashinda 2-1 kwa mabao ya Edward Chumila na John Makelele. Simba ikapona, na kombe likaenda Tanga: Coastal Union bingwa wa Tanzania Bara. Wapo watu wa Dar es Salaam wanaosimulia habari hiyo kana kwamba Simba ndiyo iliyowapa Coastal ubingwa. Si kweli. Ligi haichezwi siku moja, na aliyekuwa amekusanya pointi za kutosha kunufaika na kuteleza kwa Yanga alikuwa Coastal, si mwingine. Kabla yake, nje ya Dar es Salaam, walikuwa wametwaa ubingwa Mseto ya Morogoro mwaka 1975 na Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986. Baadaye Mtibwa Sugar wakatwaa mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo kombe halijatoka Dar es Salaam.

Kisha kuna msimu ambao Tanga haipendi kuukumbuka. Mwaka 2015/16 mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports iliyokuwa imerejea, na Mgambo JKT. Mwaka 2016 zilishuka timu tatu, na zote zilikuwa hizo. Mkoa mzima ukafutika kwenye ratiba, na Mkwakwani ikabaki na mechi za madaraja ya chini hadi Coastal iliporudi msimu wa 2018/19.

Iliporudi haikuja kusindikiza. Ilimlea beki Bakari Mwamnyeto, ambaye Yanga ilimchukua mwaka 2020. Julai 2022, chini ya Juma Mgunda, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha na kuibana Yanga 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman 'Sopu'. Mtu afunge matatu kwenye fainali halafu arudi bila kombe! Yanga ilishinda kwa penalti. Msimu wa 2023/24, ikinolewa na Mkenya David Ouma na lango likilindwa na Mkongomani Ley Matampi, Coastal ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Hapo ndipo uwanja ulipoiangusha timu. Bravos do Maquis waliifunga Coastal 3-0 Angola, na marudiano ya Agosti 2024 yakaisha 0-0. Lakini mechi hiyo ya 'nyumbani' ilichezwa Dar es Salaam, kwa kuwa Mkwakwani haikufikia viwango vya Afrika. Wazee waliosubiri miaka mingi kuiona Coastal ikicheza na Waafrika wenzao waliishia redioni na kwenye televisheni.

Mkwakwani ni mali ya CCM, kama zilivyo Sheikh Amri Abeid ya Arusha, Kirumba ya Mwanza na Sokoine ya Mbeya. Viwanja vingi vya kundi hilo vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi wa vyama vyote vya leo, na vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa chama tawala. Mjadala kuhusu mwenye haki navyo haujaisha. Kwa shabiki wa Tanga, hata hivyo, swali la haraka ni nani atakayetia fedha kwenye nyasi, majukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo na taa.

Msomaji ukifika Tanga, usiishie mapango ya Amboni na Raskazone. Tafuta ratiba ya Coastal, kata tiketi ya mzunguko. Na chama chenye hati ya uwanja kiufikishe kwenye viwango vya Afrika, au kama kimeshindwa, kiliachie Jiji la Tanga lijaribu.