Kivuli cha Chiromo kina historia yake

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa Arboretum na marafiki. Jua lilikuwa kali lakini sisi tulikuwa tumejipata kwa kivuli, njugu karanga mkononi. Mmoja wetu akasema, "Lakini wakoloni walipenda miti, ukweli usemwe." Sikumjibu. Ila hiyo kauli imenikaa kichwani wiki nzima, so wacha nimjibu leo.

Arboretum haikupandwa ndio watu wapige picha za harusi. Ilianzishwa 1907. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899, na hizo treni zilikuwa zinakula kuni. Misitu ilikatwa haraka kuliko ilivyomea. Serikali ya kikoloni ikataka kujua ni miti gani ya kigeni inakua mbio kwa udongo huu, ikaleta mbegu na kuzijaribu hapo. Bustani tunayoiita ya mapenzi ilianza kama hesabu ya mafuta ya treni.

Sasa vuka mto uingie Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hilo jina si la hapa. Ni la mji ulio Malawi. Lililetwa na Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyejenga nyumba yake hapo. Na mwaka uleule wa 1907, Grogan aliwachapa viboko hadharani vijana watatu Wakikuyu waliokuwa wavuta riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi. Mbele ya mahakama, buda! Akapewa kifungo cha mwezi mmoja tu.

Kwa hivyo mwaka mmoja, mji mmoja: mche unamwagiliwa maji kwa utaratibu, na binadamu anachapwa barabarani. Hayo ndiyo mapenzi ya miti tunayoambiwa tushukuru.

Lakini hadithi haikuishia kwa Grogan, na hapa ndipo mimi huamka. Leo kwa ardhi hiyo kuna hebaria yenye mimea iliyokaushwa, na kuna vivungulio, zile nyumba unazoziona shambani zikifunikwa plastiki. Ndani ya kivungulio mwanafunzi anapima maji, joto na udongo mwenyewe. Mche ukinyauka, anaweza kujua kama ni ugonjwa au ni kiu. Mmea haukuzwi ndio uchomwe, unaulizwa maswali.

Mtu aliyeuliza swali kubwa zaidi alitoka Chiromo. Wangari Maathai alifundisha anatomia ya mifugo huko, akapata uzamifu wake 1971. Hakuwa mtaalamu wa miti, alikuwa anatafiti ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Alipotoka nje ya Nairobi kuwatafuta hao kupe, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa tope. Akaelewa kwamba kupe hakuwa shida kubwa. Shida ilikuwa ardhi iliyovuliwa miti. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakawa ndio wanaotunza vitalu.

Januari 1999 alienda kupanda mti Karura, msitu uliokuwa unagawanywa kwa matajiri. Akapigwa hadi kichwa kikapasuka. Alipofika kituo cha polisi, alitia sahihi ripoti yake kwa damu. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani kuutetea huo msitu. Watu wa rika letu, miaka mingi kabla yetu. Karura bado ipo.

Basi rafiki yangu, hili ndilo jibu langu. Kupanda mti si lazima iwe upendo. Swali ni unampandia nani, na nani anaruhusiwa kukaa kivulini. Wakoloni walipandia treni. Prof alipandia mama anayetembea mbali kutafuta kuni. Miti yenyewe haijui tofauti, lakini sisi tunafaa kujua, kwa sababu kila mara mtu akitaka kujenga juu ya bustani, huanza kwa kusema "hizo ni nyasi tu."

Chuo chenu kina bustani? Unajua nani aliipanda, na kwa nini? Uliza mzee anayeimwagilia maji. Yeye huenda anajua kuliko sisi wote.