Vitabu Vitatu na Mizani ya Ushahidi

Apendaye vitabu huwakirimu wenzake kwa vitabu, kama mkulima awakirimuvyo jirani zake kwa mazao. Katika hazina ya Kiswahili vipo vitatu vifaavyo kusomwa kwa kufuatana, kwani kila kimoja humwandaa msomaji kwa kifuatacho.

Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Ilishinda mashindano ya utungaji wa hadithi ya Afrika Mashariki ya 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu ameuawa, na maiti yake imeonekana penye mzimu. Ni rahisi kuwatwika wafu hatia ya walio hai. Lakini Bwana Msa, mvuta kiko, hakubali neno kabla ya kulipima. Msomaji hufurahi, na katika furaha hiyo hujifunza kuwa si kila shahidi aonaye husema yote aliyoyaona.

Akiisha kufunzwa hivyo, na ashike Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mfanya biashara huyo, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alieleza kwa Kiswahili safari, vita na biashara zake za pembe za ndovu hata Manyema na Kongo. Na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa maelezo hayo Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yake ni nyepesi, na moyo wake hautetereki. Lakini aliyesema ni tajiri wa msafara. Walioichukua mizigo mabegani, na waliotekwa vijijini mwao, hawakuulizwa. Nao pia walikuwa mashahidi.

Kwa sababu hiyo kitabu cha tatu ni lazima. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Naye, aliyekuwa akichuuza vyungu, alifika Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, hali amekwisha kusikika mbali kuliko misafara mingi ilivyofika.

Wasifu huo nao una mapenzi mengi kwa msifiwa, na mizani ya Bwana Msa haipaswi kuwekwa chini hata hapo. Hata hivyo, bila ya kitabu hiki, karne ile ingalisimuliwa na mwenye bunduki peke yake. Anayemwazima mwenzake Tippu Tip, basi, na amwazime na Siti pamoja, ili masikio yake yasikie pande mbili za baraza kabla ya kukata shauri.