Pasaka ya masika, sehemu ya 3: "Sista, huyu naye anazikwa?"

  Hapa Marangu tangu juzi ni ukungu na matope tu, nguo za mtoto hazikauki. Katika sehemu mbili zilizopita tuliongea chakula cha mama mjamzito wakati wa Kwaresima na watoto wanaokohoa msimu huu. Leo siongelei dawa. Naomba mnivumilie, ni ndefu, na kama umefiwa na mtoto karibuni soma polepole au mwombe mtu asome pamoja na wewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, Jumamosi Kuu, ile siku iliyo katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Mama mmoja alijifungua kabla ya wakati. Mtoto aliishi kama saa moja hivi. Nilipomaliza kumfunga kwenye kanga, yule mama aliniuliza kwa sauti ndogo, "Sista, huyu naye anazikwa?"

Nilidhani sikusikia vizuri, lakini nilikuwa nimesikia. Nyumbani ameshaambiwa na wakubwa kwamba mtoto wa namna hiyo hafanyiwi msiba, anafukiwa haraka na mwanamume mmoja, na mama asilie kwa sababu akilia sana atamzuia anayekuja. Wala hawakumwambia kwa ubaya. Walimwambia kama walivyoambiwa wao. Swali lake limekaa kwenye mlima huu muda mrefu kuliko makanisa yetu, na ndiyo maana leo narudi kwenye historia.

Zamani Uchagani si kila maiti ilipewa kaburi. Aliyezikwa ni mtu aliyeoa au kuolewa na akaacha watoto. Huyo alizikwa ndani ya nyumba yake, na baadaye mifupa ikatolewa na kuwekwa kihambani penye masale. Kijana ambaye hajazaa, mtu tasa, na mtoto mdogo, hao walifungwa kwenye majani ya migomba na kulazwa migombani, basi. Hakuna ibada, hakuna matanga. Mantiki yake ilikuwa hii: mzimu ni wa mtu mwenye uzao, anayekumbukwa na watoto wake na kupewa sadaka nao. Asiye na mtoto atakumbukwa na nani?

Sasa tusiwaseme vibaya mababu. Watu waliozika watoto wengi walihitaji namna ya kuendelea kuishi. Surua, ndui, kuhara na malaria ya kule chini vilichukua watoto wengi. Kama kila mtoto angefanyiwa matanga, nani angelima? Wala usidhani mama zao hawakuwapenda. Nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha kujua kwamba titi halijui desturi. Maziwa yanashuka siku ya tatu hata kama mtoto hayupo, na nina hakika yalishuka hivyo hivyo kwa mama wa mwaka 1850.

Halafu wamisionari wakafika. Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu, walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, wakaja Mamba mwaka 1894, na Moshi ya zamani mwaka 1896. Ukiangalia ramani, sisi wa Marangu tuko katikati, Kilema upande mmoja na Mamba upande wa pili. Ndiyo maana koo nyingi hapa zina Wakatoliki na Walutheri mezani pamoja, na kwenye Pasaka wanataniana nani kaamka mapema.

Kuna jambo walilofanya vizuri hao wageni, pamoja na mengi waliyoyafanya vibaya. Hawakuleta jina jipya la Mungu, walichukua la hapa: Ruwa. Na kwa Kichaga Ruwa ni jina hilo hilo la jua. Hebu fikiria mzee aliyezoea kutoka alfajiri kusalimu jua likichomoza, anaambiwa kwamba asubuhi ya kwanza ya juma, jua lilipoanza kuchomoza, wanawake walikwenda kaburini wakalikuta wazi. Sidhani alihitaji maelezo mengi.

Nirudi kwa wale wanawake. Kila mwaka nawasikia wanahubiriwa kama mashujaa wa imani, na sikatai. Lakini mimi nawaona kama manesi. Maria Magdalene, Maria mama wa Yakobo na Salome walibeba manukato kwenda kuhudumia maiti. Hawakwenda kutafuta muujiza, walikwenda kumaliza kazi ambayo Sabato iliwakatisha. Njiani wanawaza jambo la kawaida kabisa: nani atatuvingirishia lile jiwe? Pasaka iliwakuta wakiwa kazini, mikono imebeba vitu. Ukiwa unanyonyesha saa tisa usiku huku unasinzia, na hujafika kanisani tangu mtoto azaliwe, usijione umepitwa.

Na fundisho lenyewe lilikuwa na madai ya ajabu kwa watu wa mlimani. Lilisema mwili utafufuka. Halikusema mwili wa mwenye uzao tu, lilisema kila mwili. Ukishakubali hilo, huwezi tena kumwacha mtoto kwenye majani ya mgomba. Lazima umpe udongo, jina na mahali. Kwa hiyo kwenye makaburi ya misheni walianza kulala watu ambao kwa desturi hawakustahili kaburi: mwanafunzi aliyekufa kabla hajaoa, mwanamke ambaye hakuzaa, mtoto wa miezi miwili. Ukiniuliza Pasaka ilibadilisha nini hasa Kilimanjaro, sitakuonyesha kwaya wala tarumbeta. Nitakuonyesha kaburi fupi.

Lakini makanisa nayo yalikuwa na uzio wao. Sehemu nyingi mazishi kamili yalikuwa ya aliyebatizwa, hivyo mtoto aliyekufa kabla ya maji alibaki tena nje, safari hii nje ya uzio wa kanisa. Bibi yangu alizaa tisa, akalea watano. Wawili kati ya wanne waliokufa waliimbiwa kanisani. Wawili wengine walizikwa na babu peke yake, jioni, pembeni ya kihamba. Bibi alikuwa na imani kubwa kuliko yangu, lakini kuhusu hao wawili hakumuuliza mchungaji hata siku moja. Aliogopa jibu.

Kuna miaka ambayo huwa naifikiria sana. Machi 1916, katikati ya vita vya Wajerumani na Waingereza, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi. Wiki sita baadaye, tarehe 23 Aprili, ikawa Pasaka, na masika ya mwaka ule yalikuwa makali hata jeshi likakwama kwenye matope. Vita vilipokwisha, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani wengi walifukuzwa nchini. Kumbukeni kwamba wakati ule hakukuwa na mchungaji Mchaga hata mmoja kwa Walutheri. Wa kwanza waliwekewa mikono miaka ya 1930. Waliobaki na sharika ni walimu na wainjilisti, watu waliokuwa na shamba, ng'ombe wa ndani, na mke mwenye mimba kama mimi na wewe tunavyowajua.

Hao ndio walioendesha Pasaka mpaka Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia na Wajerumani wakaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Watu hawakusubiri. Waliamka alfajiri, wakafundisha watoto, wakazika waliokufa. Mimi naona ni hapo imani hii ilipoacha kuwa ya wageni. Miaka 35 baadaye, Novemba 1955, Walutheri kutoka Afrika nzima walikutana hapa hapa Marangu kwa mkutano wao wa kwanza wa bara zima, na miaka michache baada ya hapo Mchaga, Stefano Moshi, akawa askofu. Watu husifia mkutano. Mimi nasifia wale walimu wa 1920 na wake zao ambao majina yao hayapo popote.

Mnajua pia kwamba Pasaka yetu haifanani na Krismasi. Desemba mlima unajaa, magari kutoka Dar na Arusha hayana pa kuegesha, kila mtu kaja kuhesabiwa. Pasaka ni ya wenyeji na ya mvua. Tarehe yake inafuata mwezi, Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haiwezi kutoka nje ya masika. Inatukuta mahindi na maharage yako ardhini kule tambarare, mengine yameota, mengine bado. Mhubiri akisema mbegu isipoanguka ikafa haizai, huku kila mtu ana udongo kwenye kucha.

Basi, turudi wodini, Jumamosi Kuu.

Nilimjibu yule mama, "Ndiyo, anazikwa. Ana jina?" Alikuwa nalo, ila hakuwa amemwambia mtu. Mtoto alipokuwa bado anapumua nilikuwa nimeuliza kama wanataka abatizwe, na yeye aliitikia kwa kichwa tu. Wengi hamjui hili: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki pia. Maji safi, na kumtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nilitumia maji ya bomba kwenye kikombe cha dawa. Nesi hafanyi hivyo bila wazazi kutaka, na wewe una haki ya kuomba. Mtoto akizaliwa tayari amefariki, habatizwi, lakini mchungaji au padre anaweza kuja kumwombea na kumwita kwa jina. Muombeni. Siku hizi wengi wanakuja, na asipokuja wa kwenu, mzee wa kanisa anaweza kuomba.

Pia omba umshike. Usikubali achukuliwe haraka haraka eti ili usiumie. Utaumia tu, ila utakuwa umemwona.

Na sasa naomba nikoromee kidogo. Mama aliyejifungua mtoto akafa ni mzazi! Amepoteza damu ile ile. Kwa nini jirani anapeleka mtori kwa aliyerudi na mtoto, na huyu anaachwa anajitwangia mwenyewe? Nimeona mama siku ya nne anakata majani ya ng'ombe kwa sababu "hana cha kulea". Jamani. Mpikieni mtori, mchinjieni hata kuku, mwacheni alale. Kwenye Injili ya Yohana, Yesu aliyefufuka alipowakuta wanafunzi ufukweni wamechoka kwa kuvua usiku kucha, alikuwa ameshawasha moto na samaki wako juu ya makaa. Aliwaita waje kula kwanza.

Kwa huyo mama: maziwa yakijaa, vaa sidiria inayobana vizuri, weka kitambaa cha baridi, kamua kidogo tu ukizidiwa. Ukilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, au uchafu wenye harufu mbaya, njoo hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumatatu ya Pasaka. Wodi ya wazazi haifungi sikukuu. Na kama wiki mbili zimepita huli, hulali, njoo vile vile, na ukiwaza kufa njoo siku hiyo hiyo, usisubiri. Hilo nalo linatibika.

Asubuhi ya Pasaka zamu yangu iliisha saa moja na nusu. Mume wake alikuja na baba mkwe, mzee mwenye koti refu la mvua, na mkononi ana miche miwili ya masale yenye udongo kwenye mizizi. Mnajua sale kwetu: ni mpaka wa kihamba, ni alama ya kaburi, na ukimkosea mtu ukamletea jani lake, anapaswa kukusamehe. Mzee hakusema mengi. Alimwangalia mkwe wake, akamwambia, "Mama, tumechimba. Ni karibu na bibi yake." Halafu akaniuliza mimi kama tunaweza kumpa yeye mtoto ambebe mpaka nyumbani, kwa sababu njia inateleza na kijana wake anatetemeka.

Nilimpa. Walishuka pole pole, yule mama katikati.

Sehemu ya 4 nitarudi kwenye chanjo, maana kuna maswali mengi ya surua kwenye maoni. Mwenye jina la mtoto angependa tumtaje, aliandike hapo chini. Nitayasoma yote.