Kutoka Mpakani: Historia ya Maradhi ya Nafsi Isiyotulia

Mwaka 1938, Adolph Stern, daktari wa uchambuzi wa nafsi mjini New York, aliandika kuhusu wagonjwa waliomtatiza. Hawakuwa wamerukwa na akili, lakini tiba iliyowasaidia wenye wasiwasi na huzuni haikuwafaa. Akawaweka mpakani, kati ya makundi mawili ya maradhi. Jina hilo la mpakani limedumu hadi leo.

Kwa miaka mingi wagonjwa hao hawakuwa na kwao. Mwaka 1967 Otto Kernberg, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, aligusa kiini cha tatizo: mgonjwa hana picha moja ya nafsi yake inayochukua mazuri na mabaya kwa pamoja. Asubuhi anajiona mtu wa maana. Mchana rafiki hakupokea simu, naye anajiona hafai kitu, na rafiki amekuwa adui. Watu humwita kigeugeu, kumbe anayeumia kwanza ni yeye.

Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyatambua rasmi maradhi haya, kikiyaita maradhi ya haiba ya mpakani. Kutokuwa na uhakika wa mtu kujijua ni nani kukawa miongoni mwa dalili nane zilizoorodheshwa.

Kisha watafiti wakaanza kupima. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa walicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Hata waliporushiwa mpira sawasawa na wenzao, walihisi kutengwa zaidi kuliko watu wasio na maradhi hayo. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa maneno mazuri yanayowahusu wao wenyewe huwa na uzito mdogo kwao. Ndiyo maana kumsifu tu mgonjwa hakutoshi: sifa haimwingii, lawama inakaa.

Tiba nayo ilikuwa imeshapiga hatua. Mwaka 1991 Marsha Linehan wa Seattle alichapisha matokeo ya tiba inayomfundisha mgonjwa kuyakubali maumivu yake huku akijifunza kubadilika. Miaka 20 baadaye alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana wa miaka 17. Mwaka 1999, Anthony Bateman na Peter Fonagy wa London walionyesha faida ya kumzoeza mgonjwa kujiuliza kinachopita moyoni mwake na mwa mwenzake kabla ya kuhukumu.

Ushahidi mzito zaidi kwamba wagonjwa hawa hupata nafuu ulitoka hospitali ya McLean, Marekani. Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 290, na kufikia mwaka wa kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata nafuu iliyodumu angalau miaka miwili.

Kwa hiyo tuache kusema watu hawa hawaponi. Ukiwa na ndugu anayejichukia leo na kujipenda kesho, usimwite mkorofi wala mwenye maigizo. Mfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili, na usimwache njiani.