Mzizi na Historia: Udongo wa Arua na Koboko

Historia ya West Nile huandikwa kwa kufuata watawala: Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Lado, kisha Sudan, kisha Uganda mwaka 1914. Katika insha hii ninadai kwamba historia hiyo imeandikwa udongoni pia, na mzizi wa mmea hutusaidia kuisoma.

Mzizi hauli udongo. Vinyweleo vyake hunyonya maji na chumvi zilizoyeyuka humo. Kwa kuwa chumvi kama za potasiamu na fosforasi ni chache nje kuliko ndani ya seli, haziingii zenyewe. Seli hutumia nguvu kuzivuta kupitia utando wake. Zikifika katikati ya mzizi, mishipa ya zailemu huzipandisha hadi majanini. Mwaka 1840 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza kwamba kila mavuno huondoka na madini ya shamba, na yasiporudishwa ardhi hudhoofika.

Maneno hayo yanatuhusu. Wakoloni kwanza waliifanya West Nile chimbuko la vibarua: vijana walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Baadaye tumbaku ikawa zao la biashara. Mmea huu huvuta potasiamu nyingi, na sehemu kubwa hukaa majanini, yaani pale panapouzwa. Maganda ya muhogo tunaokula nyumbani yanaweza kurudi shambani. Jani la tumbaku halirudi. Tena, tumbaku nyingine hukaushwa kwa moto wa kuni. Mizizi mirefu ya miti huchota virutubisho chini sana, na majani yakianguka huvirudisha juu. Tulipokata miti hiyo tulipoteza mara mbili.

Sisemi kwamba wazee wetu walikosea. Tumbaku ililipa karo, na bila karo hiyo wengi wetu tusingefika chuoni. Shamba la babu yangu karibu na Koboko lilisomesha watoto wake wote. Leo linapandwa muhogo, zao linalovumilia ardhi iliyochoka kwa msaada wa kuvu inayoishi mizizini mwake na kuutafutia fosforasi.

Kwa kuhitimisha, vibarua waliokwenda kusini na madini yaliyoondoka ndani ya marobota ya tumbaku ni historia moja: vyote vilitoka kwetu vikatajirisha kwingine. Vibarua wengi walirudi. Madini hayarudi yenyewe. Ni sisi wa kuyarudisha, kwa samadi, majivu na miti.