Mashahidi wa Huanghuagang: waliokufa na aliyebaki kusimulia

Leo tunakupeleka Guangzhou, mji mkuu wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China. Mabaharia wa Kiarabu wa zama za kale waliujua mji huo kwa jina la Khanfu, na katika miaka ya karibuni umezoeleka masikioni mwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaofuata bidhaa huko. Ndani ya mji huo kuna bustani ya makaburi iitwayo Huanghuagang, yaani Kilima cha Maua ya Manjano. Waliozikwa humo, kwa Kiswahili, tungewaita mashahidi.

Neno hilo limebeba mengi. Shahidi ni mtu aliyeona jambo akasimama mbele ya hakimu kulieleza, na shahidi vilevile ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani au haki. Maana zote mbili zimechipuka kutoka shina moja la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupa pia shahada, ushuhuda na kushuhudia. Wachina wao wana maneno mawili yasiyo na undugu: aliyejitolea mhanga huitwa lieshi, na anayetoa ushahidi mahakamani huitwa zhengren, yaani mtu wa kuthibitisha. Hata hivyo, kisa cha Huanghuagang kinaonyesha kuwa watu hao wawili wanahitajiana. Wahenga wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Aliyekufa hayupo, na lake litakuwapo iwapo tu aliye hai atathubutu kulisema.

Alasiri ya tarehe 27 mwezi Aprili mwaka 1911, wanamapinduzi wa chama cha Tongmenghui, kilichoongozwa na Sun Yat-sen, waliishambulia ofisi ya gavana mkuu wa Guangdong na Guangxi wakiwa na nia ya kuuangusha utawala wa kifalme wa Qing. Kiongozi wao siku hiyo alikuwa Huang Xing. Gavana mkuu, Zhang Mingqi, aliponyoka, na mapambano ya mitaani yakamalizika kwa kushindwa kwa wanamapinduzi. Huang Xing alijeruhiwa mkononi akapoteza vidole viwili, lakini akafanikiwa kutoroka. Wengi wa wenzake waliuawa papo hapo, na wengine walikamatwa, wakahojiwa na kuuawa.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Lin Juemin, kijana kutoka Fuzhou. Siku tatu kabla ya shambulio hilo alikuwa amemwandikia mkewe barua ya kuagana juu ya kitambaa cha leso. Baba mkwe wake, ambaye alikuwa akitumikia serikali huko Guangdong, aliposikia habari za kukamatwa kwake alituma mtu haraka kwenda Fuzhou ili kuionya familia. Familia hiyo iliuza nyumba yake na kujificha, kwa kuwa katika enzi ya Qing kosa la uasi halikuishia kwa mkosaji peke yake, bali liliweza kuwaangukia jamaa zake pia. Barua ile iliwafikia huko mafichoni, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mkoa wa Fujian.

Huko Guangzhou, maiti za wanamapinduzi zilikusanywa na kulazwa mbele ya jengo la baraza la mashauri la mkoa. Zilikaa siku kadhaa, nazo zikaanza kuharibika. Maofisa walikusudia kuzifukia mahali walipozoea kufukiwa wahalifu walionyongwa. Hapo ndipo alipojitokeza Pan Dawei, mchoraji na mwandishi wa habari, ambaye kwa siri alikuwa mwanachama wa Tongmenghui. Kujitokeza kuomba maiti za waasi kulikuwa ni kujiweka chini ya upanga, maana swali la kwanza la polisi lingekuwa: wewe na hawa mnahusianaje?

Pan Dawei aliliendea jumba la hisani la Guangren, akaomba ardhi ya maziko. Wasimamizi wa jumba hilo walikuwa na hofu. Akamwendea pia Jiang Kongyin, mtu mwenye cheo na heshima mjini, naye akakubali kulibeba jambo hilo iwapo lingeleta matata. Kwa dhamana hiyo miili 72 ilitiwa katika majeneza na kuzikwa mahali palipoitwa Honghuagang, Kilima cha Maua Mekundu. Kisha Pan Dawei akafanya jambo la hatari zaidi: akaandika gazetini habari za maziko hayo. Katika maandishi yake alipaita mahali hapo Kilima cha Maua ya Manjano, akikusudia ua la krisanthemu, ambalo kwa Wachina ni alama ya uthabiti kwa kuwa huchanua wakati wa baridi ya vuli. Jina hilo ndilo lililobaki.

Inafaa kukumbuka kuwa 72 ni hesabu ya miili iliyopatikana, wala si hesabu ya wote waliouawa. Majina yalitafutwa baadaye, baada ya mapinduzi yaliyoanza Wuchang tarehe 10 mwezi Oktoba mwaka huohuo kuuondoa utawala wa Qing. Walionusurika waliulizwa, na mwaka 1922 bamba la mawe lenye majina 72 likasimamishwa. Uchunguzi ukaendelea, na mwaka 1932 yakaongezwa majina mengine 14, jumla 86. Ushuhuda wa kweli haukomi siku unapotolewa, bali hukubali kuongezwa na kusahihishwa. Pan Dawei alifariki dunia Hong Kong mwaka 1929, na mwaka 1951 mabaki yake yakahamishiwa Huanghuagang, karibu na wale aliowazika.

Mpenzi msikilizaji, miaka 92 baada ya maziko hayo, mji huohuo ulipata mtihani mwingine. Mwezi Machi mwaka 2003, kijana Sun Zhigang, mwenye umri wa miaka 27, alikamatwa kwa kutokuwa na kibali cha ukaazi wa muda, na siku tatu baadaye akafariki akiwa kizuizini. Mwanzoni ilielezwa kuwa aliugua moyo. Uchunguzi wa wataalamu wa maiti ulithibitisha kuwa alipigwa. Tarehe 25 mwezi Aprili gazeti la Nanfang Dushi Bao la Guangzhou lilichapisha habari hiyo. Waliohusika na kipigo walihukumiwa mwezi Juni, na mwezi huohuo serikali ikafuta kanuni za kuwakamata na kuwarudisha makwao watu wasio na kibali. Lakini mwaka 2004 mhariri mkuu wa gazeti hilo, Cheng Yizhong, aliwekwa kizuizini kwa miezi mitano, akaachiwa bila ya kufunguliwa mashitaka. Mwaka 2005 Shirika la UNESCO lilimtunukia tuzo yake ya uhuru wa vyombo vya habari.

Tangu hapo sheria zimesonga mbele. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya China, iliyorekebishwa mwaka 2012, inaruhusu jina, sura na sauti ya shahidi kufichwa katika kesi za ugaidi, magenge na dawa za kulevya, na ulinzi huo unawahusu jamaa zake wa karibu pia. Kenya ilitunga sheria ya kuwalinda mashahidi mwaka 2006, na Tanzania mwaka 2015. Hata hivyo, kesi za Wakenya huko The Hague, ambapo mwendesha mashitaka alilalamika kuwa mashahidi walihongwa na kutishwa, zilivunjika kati ya mwaka 2014 na 2016 bila ya hukumu.

Tena sheria hizo humtazama hasa shahidi aliyeko mbele ya vyombo vya dola. Pan Dawei hakuitwa na mahakama yoyote, wala mhariri yule wa mwaka 2003. Wa kwanza alipata mtu mmoja wa kumdhamini. Bila ya mashahidi wa aina hiyo, Huanghuagang pangekuwa shimo lisilo na jina.