Gereji ya nyumbani inavyogeuka karakana ya kuundia ndege

Lori linashusha kreti la mbao mbele ya nyumba. Ndani kuna mabati ya alumini, mifuko ya ribiti na kitabu cha maelekezo. Huo ni mkia wa ndege, na fundi ni mwenye nyumba mwenyewe.

Marekani jambo hili si geni. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, huuza ndege za RV zikiwa vipande, na zaidi ya 10,000 zimeshamalizwa na kuruka. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, inataka sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na watu wanaounda kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Ndiyo maana wajenzi hupiga picha kila hatua na kuandika daftari la kazi: mkaguzi akija, huo ndio ushahidi.

Ndege ya viti viwili kama RV-7 hula saa 1,500 hadi 2,000. Ukipata saa 10 kwa wiki, hiyo ni miaka mitatu hadi minne. Hapo ndipo wengi hukwama, na matangazo ya ndege zilizoishia njiani hayakosekani. Karakana ina mchango mkubwa hapo. Iliyo hatua chache kutoka jikoni inakuwezesha kufanya kazi hata nusu saa baada ya chakula cha usiku. Ya kuendea kwa gari uwanja wa ndege utaishia kuitembelea wikendi.

Nafasi ya magari mawili, kama mita 6 kwa 6, inatosha. Mabawa yakikamilika husimamishwa ukutani kwenye fremu yenye magurudumu, bodi ikabaki katikati. Kuunganisha mabawa na bodi hufanyika uwanjani, kwa sababu RV-7 ina upana wa mita 7.6 kutoka ncha hadi ncha. Pima mlango wa gereji mapema, kabla hujaagiza chochote.

Kitu cha kwanza kutengeneza ni meza, tena mbili. Wajenzi wengi hutumia zenye futi 2 kwa 5, za mbao za kawaida, juu bapa kabisa. Meza iliyopinda huzaa bawa lililopinda, na bawa lililopinda huipeleka ndege upande hata rubani akinyoosha mkono. Kimo kiwe cha kiunoni. Mgongo utakushukuru.

Kompresa ndiyo moyo wa karakana. Iwe na tangi la kutosha na chujio la kutoa maji kwenye hewa. Kelele zake zinaweza kukugombanisha na majirani, kwa hiyo wengine huiweka nje kwenye kibanda na kupitisha bomba ukutani. Bunduki ya ribiti ndiyo yenye kelele zaidi, na hiyo huwezi kuificha. Kubalianeni saa za kazi, na vaa vizibo vya masikio.

Kabla ya ribiti, mabati hushikwa kwa pini za Cleco, mamia yake. Za rangi ya fedha ni za tundu la milimita 2.4, za shaba ni za 3.2. Tundu likitobolewa karibu mno na ukingo wa bati, kipande kinaweza kuwa si cha kutumika tena. Hivyo fanya mazoezi kwenye mabati chakavu kwanza. Ribiti nyingi huhitaji watu wawili, mmoja na bunduki, mwingine akishika chuma kizito nyuma ya bati. Mke, mume au kijana wa nyumbani mara nyingi ndiye anayeshika chuma, na asipokuwa na hamu mradi utayumba.

Mwanga usidharauliwe. Taa nyeupe zitoke pande kadhaa, maana kivuli huficha mkwaruzo na ribiti iliyolala vibaya. Rangi ya kuzuia kutu ina kemikali hatari, hasa zenye kromati. Ipulizwe nje au penye hewa, ukiwa na barakoa ya kuchuja mvuke, si ya kitambaa.

Fagia kila usiku. Vinyweleo vya alumini huingia nyayoni mwa watoto, na vikinasa juu ya meza hukwaruza bati ambalo kesho litakuwa ngozi ya bawa.